Mbwa, paka, sungura na njiwa katika ua mmoja: mwongozo kwa familia ya Kigoma

Ni familia chache hapa Kigoma zinazokaa kikao na kuamua kufuga wanyama wa aina nne kwa mpigo. Huja mmoja mmoja. Mbwa aliletwa kulinda. Paka akafuata kwa sababu panya walikuwa wanatoboa magunia ya dagaa. Mtoto akarudi likizo na sungura wawili aliopewa na mjomba wake wa Kasulu, na njiwa wakatua wenyewe juu ya paa la jiko wakaona panawafaa. Mwaka ukipita ua umejaa, na kila mtu nyumbani anadhani mwenzake ndiye aliyewawekea maji.

Kwetu Ujiji tunao hao wote, na nisingependa kuishi kwenye ua usio na sauti zao. Ila furaha hiyo ina matengenezo yake. Kwa kufuga na kwa kuwasikiliza majirani wanaofuga, nimeona jambo moja linajirudia: wanyama mchanganyiko hukaa kwa amani pale kila mmoja anapokuwa na mahali pake, chombo chake, na mtu wake anayejulikana kwa jina. Kimojawapo kikikosekana, hapo ndipo magonjwa, vita na lawama huingia.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya mwezi mgumu

Watu wengi hupima uwezo wa kufuga kwa ukubwa wa ua. Pima kwanza kwa mwezi ambao nyumbani hela haionekani.

Sisi mwezi huo tunaujua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki kama kawaida, na kwenye mwalo wa Kibirizi bei hupanda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana. Naunga mkono kabisa, maana bila samaki hakuna Kigoma. Lakini mwenye paka watatu waliozoea chenga za dagaa alipaswa kujua mapema watakula nini. Nunua dagaa kipindi cha giza wakiwa wengi, hakikisha wamekauka vizuri, wafungie kwenye ndoo yenye mfuniko, na paka wako atavuka mbalamwezi bila kulia. Kwa miezi mitatu ya ziwa kufungwa, zungumza na muuza kuku akuwekee utumbo na vichwa, na wa buchani akuwekee mapafu.

Hesabu miaka pia. Mbwa anayetunzwa huishi zaidi ya miaka 10, paka hufika 15, sungura 8 au zaidi, njiwa 10. Mtoto wa darasa la tatu anayelilia paka leo ataenda chuo, na paka atabaki jikoni kwako. Kama huwezi kutaja chakula cha wiki mbili cha kila mnyama uliye naye bila kukisia, usiongeze mwingine.

Hatua ya pili: kubalianeni ndani, kisha nenda kwa majirani

Kama umepanga, anza na mwenye nyumba. Ukishapata ruhusa yake, tembelea majirani kabla mnyama hajafika, si baada ya malalamiko.

Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, na mbwa ana adabu zake. Kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumfuga kwa ulinzi, kwa kuchunga mifugo au kwa kuwinda kumeruhusiwa. Basi iwe Muislamu au Mkristo, panga hivi: banda la mbwa liwe karibu na geti, mbali na mkeka wa kuswalia na mbali na bomba. Sahani zake zisiingie jikoni kabisa. Saa za watoto kwenda madrasa na wazee kwenda msikitini awe amefungwa, ili bibi wa watu aliyetia udhu asirudi nyumbani kuosha najisi kwa sababu mbwa wako alimrukia na kumlamba kwa furaha. Jirani anayeona unamjali hivyo ndiye atakayekupigia simu siku mbwa akipotea.

Njiwa nao wana kesi zao, hasa kiangazi watu wakianika.

"Baba Neema, njiwa wako wameshinda kwenye mihogo yangu."

"Nisamehe sana, Mama Zaituni. Kesho nawafungia mpaka alasiri, wewe anika kwa amani."

Jibu hilo linatekelezeka. Njiwa wakilishwa tunduni asubuhi na kufunguliwa saa kumi, wataruka, watazunguka, na jua likikaribia kuzama watarudi wenyewe kwa sababu wanajua chakula kiko nyumbani. Mihogo ya watu na dagaa wa watu vitakuwa vimeshaanuliwa.

Hatua ya tatu: gawa ua kabla mnyama hajafika

Njiwa wakae juu. Tundu liwe juu ya nguzo, na nguzo ivishwe bati laini kuizunguka ili paka asipate pa kushika kucha. Mlango usielekee upande unaotokea mvua.

Mbwa apate banda lenye paa na sakafu iliyoinuka kidogo ili maji ya masika yapite chini. Usimfunge mnyororo mfupi mchana kutwa. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali hata kwa watoto wa nyumbani. Kama hamna uzio, kaza waya mnene kati ya nguzo mbili, pitisha pete, funga kamba kwenye pete. Atatembea urefu wote wa ua bila kutoka.

Paka anahitaji mahali pa juu pa kukimbilia, rafu au juu ya kabati, na beseni la mchanga mkavu ndani kama halali nje. Mahali pa juu ndipo amani ya paka na mbwa inapoanzia, kwa sababu paka mwenye pa kupanda hana sababu ya kukimbia, na asipokimbia mbwa hana cha kukimbiza.

Sungura ndio wanaohitaji kazi zaidi. Joto huwaua haraka kuliko baridi, kwa hiyo banda liwe chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Liinuliwe kama mita moja kutoka chini. Sakafu iwe ya mbao nyembamba zilizoachiana nafasi ya kinyesi kupita bila mguu kuzama, na kona moja iwe ubao mzima wa kulalia, la sivyo nyayo zitatoka vidonda. Mkojo wao una harufu kali; usijenge kwenye ukuta wa chumba cha mtu anayelala, awe wako au wa jirani.

Halafu siafu. Mvua zikianza, Oktoba au Novemba, siafu hutembea, na kwa usiku mmoja wanaweza kumaliza vitoto vyote vya sungura. Vitoto hivyo huzaliwa vipofu, bila manyoya, na mama yao hana desturi ya kuvibeba. Kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo refu lenye oili chafu ya gari, iwe chini ndani ya kopo kuku wasiifikie. Kuweka tu hakutoshi. Jani la mwembe likielea ndani ya kopo, au tawi likiegemea kona ya banda, au ufagio ukiachwa umesimamishwa hapo, siafu wamepata daraja. Kila usiku nikitoka na tochi humulika makopo kwanza: oili ing'ae, uso wake uwe mtupu, pasiwe na kitu chochote kinachogusa banda zaidi ya miguu yake. Baada ya hapo ndipo humulika sungura.

Hatua ya nne: watambulishe polepole

Mtoto wa mbwa hujifunza nani ni wa nyumbani kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na nne hivi ya umri wake. Paka hujifunza mapema zaidi, wiki ya pili hadi ya saba. Wote wasitengwe na mama kabla ya wiki nane. Ukimleta mtoto wa mbwa kwenye nyumba yenye paka mzima, paka mwenyewe atamfundisha adabu kwa kofi moja la pua, na somo litadumu.

Ugumu ni paka mgeni kwenye nyumba ya mbwa mzima. Siku za kwanza paka akae kwenye chumba kilichofungwa, na chakula chake, mchanga wake na maji yake. Chukua kitambaa alicholalia ukiweke karibu na mbwa, na cha mbwa ukipeleke kwa paka, wazoeane kwa pua. Kisha walishe kila mmoja upande wake wa mlango, mlango umefungwa. Wakila bila kunguruma wala kufoka, ndipo waonane: mbwa ameshatembezwa, ameshakula, yuko kwenye kamba, paka yuko huru na ana pa kupanda. Dakika chache tu, kisha waachanishe.

Mtazame mbwa machoni. Akimwangalia paka, akageuka, akanusa chini au akalala, mpe dagaa mmoja na umsifu. Lakini akikaza macho, mwili ukawa mgumu, mdomo umefungwa na hasikii hata jina lake, huyo anawinda. Mwondoe, rudi nyuma hatua moja, jaribu kesho. Kwa mbwa wengine ni siku chache, kwa wengine wiki nyingi. Usimbebe paka mikononi kumwonyesha mbwa. Atakuchana wewe kwanza.

Kwa sungura na njiwa, mafunzo hayana nafasi. Mbwa mpole kuliko wote mtaani anaweza kubadilika sungura akikurupuka mbele yake, na sungura anaweza kufa kwa hofu tu, bila hata kuguswa. Hapo tegemea komeo, na komeo liwe la kuzungusha, si la kusukuma, kwa sababu mbwa hujifunza kusukuma. Sungura na simbilisi pia wasikae banda moja: sungura hupiga teke zito, na hubeba vijidudu visivyomdhuru yeye ila humuua simbilisi kwa mapafu.

Mgeni yeyote, hata njiwa, atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Magonjwa mengi yatajionyesha ndani ya muda huo.

Hatua ya tano: kila mmoja na chakula chake

Makombo ya mezani ndicho chakula cha wanyama wengi hapa mjini, na siwezi kumwambia mtu ayatupe. Kuna namna ya kuyatoa. Tenga sehemu ya mbwa na paka kabla hujatia vitunguu na chumvi kwenye mchuzi. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya mbwa na ya paka, hata vikiwa vimepikwa, na madhara hujikusanya kidogo kidogo.

Sufuria ya mbwa inaweza kuwa ugali laini au wali, ila dagaa, utumbo au mapafu yaliyochemshwa visipungue theluthi. Dagaa walioanikwa chini huwa na mchanga. Waoshe kwenye beseni, wainue kwa mkono uache mchanga chini, rudia maji yakiwa safi. Wa chanja hawana shida hiyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano, kwa hiyo isitolewe kabisa, na miiba ya migebuka itolewe kwa vidole. Mbwa mzima ale mara mbili kwa siku. Unga wenye ukungu usimpikie kwa kisingizio kwamba ni wa mbwa: sumukuvu huharibu ini lake na kumuua, kama inavyomfanya binadamu.

Paka si mbwa mdogo. Mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hukipata kwenye nyama na samaki tu. Paka anayelishwa ugali na mchuzi miezi na miezi ataharibika macho na moyo, na watu watasema amezeeka. Ugali uwe kidogo wa kushikizia, samaki ndiye chakula. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, wape maji.

Sungura ale majani zaidi ya kitu kingine chochote, hasa nyasi, zile zilizonyauka kidogo na zisizo na umande. Matembele ni mazuri sana. Pumba iwe kidogo. Hatari ya kwetu ni muhogo: majani mabichi na maganda yake yana sumu, na mtoto aliyetumwa kukata majani atakata yaliyo karibu. Mpeleke shambani, mwonyeshe hili ndiyo, hili hapana, mpaka aweze kukuonyesha wewe. Parachichi nalo ni sumu kwa sungura na kwa ndege, tunda, majani na ganda, na huku parachichi zimejaa kila ua. Sungura hawezi kutapika. Akishakula kibaya hakirudi. Simbilisi anataka majani mabichi kila siku kwa sababu mwili wake hautengenezi vitamini C.

Njiwa wape mtama, mahindi yaliyopasuliwa na kunde, na changarawe ndogo za kusagia. Maji yabadilishwe kila siku.

Mkiwalisha, walisheni kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali pake, na sahani ziondolewe baada ya robo saa. Ugomvi mwingi wa mbwa na paka unaosikia usiku chanzo chake ni sahani iliyoachwa na mabaki.

Hatua ya sita: afya, na hapa usifanye mchezo

Kichaa cha mbwa kwanza. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, na karibu maambukizo yote ya binadamu hutoka kwa mbwa. Chanjo ipo, Louis Pasteur aliitumia kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Mbwa na paka huchanjwa kwa kawaida wakifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na paka asisahaulike kwa kuwa naye huugua. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba. Muulize afisa mifugo wa kata yako kama kuna chanjo kipindi hicho, na uhifadhi kadi.

Mtu aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, hata kwa mkwaruzo mdogo: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu wala dawa ya kienyeji, usifunge kidonda kikabanwa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaelezwe kuhusu sindano. Mbwa asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama. Afungiwe siku 10 chini ya macho ya afisa mifugo, kwa sababu hali yake ndiyo itakayosaidia kuamua matibabu.

Watoto wa mbwa wana adui mwingine, parvo. Huharisha damu, hawali, na wengi hufa ndani ya siku chache. Kirusi hukaa kwenye udongo wa ua mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo kama ua wako umewahi kupoteza mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, usilete mwingine ambaye hajachanjwa. Chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi vya mbwa, huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa mpaka wiki ya kumi na sita.

Minyoo wape dawa wote siku moja. Ukimpa mbwa leo na paka mwezi ujao, umezungusha minyoo tu. Watoto wa mbwa kila wiki mbili mpaka wafike wiki nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, na wakubwa kila miezi mitatu. Kinyesi kizolewe kila siku, kwa sababu mabuu ya safura huingia hata kwenye nyayo za mtoto anayecheza peku. Utumbo na mapafu ya machinjioni usimpe mbwa mabichi. Chemsha, ili asipate tegu anayeweza kuhamia kwa watoto wako.

Kupe watafute kwa vidole kila Jumapili, ndani ya masikio, chini ya shingo, katikati ya vidole. Sasa sikiliza vizuri kuhusu dawa. Dawa nyingi za kupe na viroboto za mbwa zina permethrini, na permethrini humuua paka. Hata mbwa aliyepakwa leo asilale na paka mpaka akauke kabisa. Dawa ya josho la ng'ombe isimkaribie paka. Na panadol, ambayo kila nyumba inayo: kidonge kimoja kinatosha kumuua paka. Mtu anampa kwa huruma, paka ana homa, na kesho hayupo. Mfundishe kila mtu nyumbani, hasa watoto na msaidizi wa kazi.

Kama kuna kuku uani, chanjo ya kideri ya matone, tone moja jichoni kila miezi mitatu, isikose. Njiwa huugua ugonjwa wa jamii hiyo. Ukiona njiwa amepinda shingo anazunguka, mtenge mara moja. Mbwa wanaofuata watu porini, upande wa Uvinza na misitu ya miombo, wanaweza kuumwa na mbung'o wakapata ugonjwa wa nagana. Jicho likifunga ukungu mweupe na mbwa akakonda, usingoje. Na mama mjamzito asizoe mchanga wa paka. Afanye mwingine, tena kila siku, kwa kuwa vijidudu vya toksoplasma, vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka na kuweza kumdhuru mtoto tumboni, huhitaji angalau siku nzima nje ndipo viweze kuambukiza.

Mbwa aogeshwe nyumbani kwa ndoo. Ziwani kuna kichocho kwa watoto watakaomshika, na mamba wapo.

Hatua ya saba: amua nani atazaa

Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita, huibeba kama wiki tisa, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Sungura hubeba mimba siku 31 na akikaa na dume hupandwa tena siku ileile aliyozaa. Mbwa ni kama siku 63, na huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo jozi ya sungura iliyoletwa kwa ajili ya mtoto inaweza kujaza banda kabla ya mwaka kwisha, na wale wasio na mwenyewe ndio wanaoishia kutupwa sokoni ndani ya boksi. Hilo linaniuma kuliko kero zote za kufuga.

Sungura watenganishwe jike na dume kabla ya kufika miezi mitatu. Paka dume na mbwa dume wahasiwe na mtaalamu, kwa dawa ya ganzi, kamwe si kwa wembe wa fundi wa mtaani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama dhidi ya ukatili. Jike kufungwa kizazi ni upasuaji mkubwa zaidi, na kama mtaalamu hapatikani karibu, jike mwenye joto afungiwe ndani siku zote za joto. Njiwa ni rahisi: hutaga mayai mawili, ukitaka kupunguza unayatoa na kuweka ya bandia, nao wataendelea kuatamia kwa utulivu.

Hatua ya nane: toa majina

Usiseme "nyie watoto muwape wanyama maji." Sema Neema ni njiwa, Juma ni sungura, baba ni mbwa, bibi ni paka. Mtoto wa miaka sita anaweza kubadilisha maji. Wa kumi anaweza kukata majani na kufagia banda. Kumshika mbwa mkali au kutoa dawa ni kazi ya mtu mzima. Kila jioni kabla ya kula, kila mmoja aseme wake amekulaje na amekwendaje choo. Usicheke swali la choo. Sungura aliyepita nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi yuko hatarini, na aliyegundua kwetu mara nyingi ni mtoto, kwa sababu ni wake.

Hapa ndipo furaha yenyewe ilipo. Mtoto anayetazama njiwa dume akipokezana na jike kuatamia, kisha wote wawili wakiwatapikia makinda maziwa ya koo, anajifunza kitu kuhusu baba na mama ambacho mimi sikuwahi kuweza kumweleza. Samadi ya sungura huenda moja kwa moja kwenye tuta la mchicha. Paka akishamzoea mbwa, alasiri utawakuta wamelala mgongo kwa mgongo kwenye kivuli cha ukuta, na wageni hupiga picha wasiamini. Na mbwa anayesikia hatua za mwenye nyumba akirudi alfajiri kutoka ziwani, kabla mtu mwingine hajasikia chochote, huwaamsha watu kwa mlio tofauti kabisa na ule wa mwizi. Tunaujua.

Wasioletwa uani

Utaletewa kitoto cha tumbili, au kasuku wa kijivu aliyevushwa kutoka Kongo. Kataa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukaa na mnyama wa porini bila kibali, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku tangu 2017. Tumbili akikomaa hung'ata vibaya. Sisi tuna jirani aitwaye Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, ambako magonjwa ya mapafu ya binadamu yamewahi kuwaua sokwe. Magonjwa hupita pande zote mbili.

Mnyama akifa

Mzike siku hiyohiyo, shimo refu lisilofukulika, mbali na kisima, na usimshike kwa mikono mitupu. Kama amekufa akitoa mate, akiyumba au baada ya kumng'ata mtu, usizike kwanza. Mpigie afisa mifugo. Mtoto aambiwe amekufa, kwa neno hilo, asiambiwe ametoroka, maana ataenda kumtafuta. Banda lisafishwe, lipigwe jua siku kadhaa, na asiletwe mwingine mpaka mtoto mwenyewe aombe.

Mkisafiri

Treni ya Dar es Salaam haingoji mtu amalize kuelekeza. Siku mbili kabla, mwachie kazi yule atakayebaki ukiwa bado upo, umwangalie anavyofanya. Andika karatasi moja: kila mnyama anakula nini, kiasi gani kwa kipimo cha kikombe cha nyumbani, saa ngapi, kadi za chanjo ziko wapi, njiwa wanafunguliwa saa ngapi, makopo ya siafu yaangaliwe lini. Juu kabisa, kwa maandishi makubwa, weka namba ya afisa mifugo wa kata na ya jirani mmoja. Ibandike nyuma ya mlango wa jiko, na uiache hapo hata ukirudi.